Mstari wa Kumi na Saba

Faili lilikuwa na karatasi nne tu, na juu ya jalada Mkuu wa Kituo alikuwa ameshaandika kwa wino mwekundu: "Lifungwe." Hakuwa amelisoma. Sajini alijua, kwa sababu jana alizibana karatasi zile kwa pini pande tatu, makusudi, na pini zote tatu zilikuwa pale pale, hazijaguswa.

"Mambo ya ngumi hayo," Mkuu alisema bila kuinua macho. "Mtu kapigwa kichwani, daktari kaandika asipigane tena. Polisi tufanye nini, tumrudishie fahamu?"

"Dada yake anasema hakupigwa, afande. Anasema kitabu kimechezewa."

"Dada yake ni daktari?"

"Ni fundi cherehani."

"Basi ashone."

Sajini alipiga saluti, akachukua faili, akatoka nalo kwapani. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba neno "lifungwe" halina saa. Alikuwa na haki ya kulifunga jioni.

Na kabla ya jioni kulikuwa na saa tisa. Saa tisa alasiri hiyo Kamisheni ya ngumi za kulipwa ingekaa kuamua jambo moja: kama mtu waliyemwita Bingwa apewe leseni au anyimwe. Huyu alikuwa bingwa wa ngumi za ridhaa, uzito wa juu, miaka mitatu mfululizo. Kwa shukrani, wakubwa walimpa kikombe, cheti chenye jina lililokosewa, na ahadi. Ahadi ilipochacha akaenda kubeba saruji kwenye ghala. Sasa, Bingwa akiwa na miaka thelathini, promota kutoka nje alikuwa ameandika barua kuomba bondia mmoja wa uzito wa juu. Mmoja tu. Akipata leseni leo, anasafiri. Akinyimwa kwa sababu ya kichwa, hakuna rufaa. Anayenyimwa kwa kichwa amenyimwa maisha.

Kilichotaka kumnyima kilikuwa mstari mmoja kwenye kitabu chake cha ngumi. Kitabu hicho Sajini alikuwa nacho mfukoni. Alikichukua Kamisheni jana kama kidhibiti, akawapa stakabadhi, akaahidi kukirudisha kabla ya kikao.

Dada mshonaji alikuwa na chumba kimoja cha mbele, cherehani mbili, na kioo kilichopasuka pembeni. Bingwa alikuwa amekaa sakafuni. Kiti kilikuwapo, lakini kilikuwa kimeshamkataa zamani.

"Huyu ni mdogo wangu lakini nimemlea mimi," Dada alisema, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Mtoto wangu azimie dakika mbili nisijue? Anapopata mafua tu jirani wa tatu anajua."

"Dada, mwache afande aulize."

"Namzuia?"

Sajini alikifungua kitabu juu ya meza ya kukatia. Kilikuwa na jalada la kijani, kimetota jasho la miaka. Kila ukurasa ulikuwa na safu zilezile: tarehe, mpinzani, pambano la ngapi siku hiyo, matokeo, saini ya daktari. Kulikuwa na mistari kumi na saba. Kumi na tano ya kwanza alishinda. Wa kumi na sita alipoteza kwa pointi. Wa kumi na saba ulisema alianguka kwa KO raundi ya kwanza, amezimia dakika mbili, asipigane tena. Mbele yake palikuwa na saini na muhuri.

"Siku hii ya kumi na saba, ya miaka miwili iliyopita," Sajini alisema. "Nieleze."

"Nilifika ukumbini saa nne asubuhi," Bingwa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Nikapimwa uzito. Nikakaa. Nikakaa mpaka makalio yakafa ganzi. Saa kumi na moja jioni wakaja kuniambia mpinzani wangu hajafika, gari lao limeharibika njiani. Nikavua glovu, nikarudi nyumbani. Ulingo sikuukanyaga."

"Na kaptula ilirudi kavu," Dada akadakia. "Niliishona mimi, mshono wa paja niliuharakisha, nilijua utapasuka akirusha ngumi ya kwanza. Ulirudi mzima. Halafu mwanamume mzima ananilalamikia njaa."

"Mpinzani yuko wapi siku hizi?"

"Alihama nchi mwaka huohuo."

"Matokeo ya siku ile?"

"Yako ofisi ya Chama cha ngumi za ridhaa. Niliyaomba. Wameniambia mchwa wamekula."

Sajini akaandika: mchwa. Kisha akanakili namba zote za safu ya tatu, maana alifundishwa kunakili kwanza na kufikiri baadaye. La 11, la 9, la 12, la 11, la 10, la 13, zikaendelea hivyo hivyo mpaka ya kumi na sita. Ya kumi na saba iliandikwa: la 2.

"Kitabu kilikaa wapi miaka hii yote?"

"Kabatini kwa Katibu wa Chama cha ridhaa. Vitabu vyote vinakaa kwake. Kocha ndiye aliyekwenda kukichukua mwezi huu, akakipeleka Kamisheni." Bingwa alisita. "Alikaa nacho siku tatu."

"Na Kocha hataki aondoke," Dada alisema.

"Dada."

"Nimetukana? Nimesema hataki. Alinywa chai pale ulipokaa, akasema ukienda yeye anakufa. Andika na hilo, afande."

Sajini aliliandika na hilo.

Daktari alikuwa na zahanati yenye benchi refu na wagonjwa wengi kuliko benchi. Alimpokea Sajini akiwa amesimama, ili ieleweke kwamba hawatakaa.

"Saini ni yangu," alisema alipoonyeshwa mstari. "Na muhuri ni wangu. Nisikudanganye."

"Na maneno haya, alianguka, amezimia?"

Daktari alivaa miwani. "Huo si mwandiko wangu. Kuna karani huwa anajaza."

"Karani gani?"

"Yeyote aliyepo. Kaka, mabondia ni wengi."

"Lakini huyu alizimia dakika mbili mbele yako. Ulimfanya nini?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. "Mimi nina zahanati. Watu kama hawa unaowaona wananingoja. Naangalia mapambano manne matano ya mwanzo, halafu narudi kazini."

"Na waliobaki?"

"Nawasainia mapema."

Alilisema vile mtu anavyosema ananawa mikono kabla ya kula.

"Unasaini kwamba umempima mtu ambaye bado hajapigana."

"Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Aliyezimia halalamiki, daktari."

"Usinitishe, kaka. Ningependa wawe na daktari wa kukaa nao kutwa. Waulize wakubwa wa Chama kwa nini hayupo. Mimi huyu Bingwa wako nimemwona gazetini tu. Ana mwili kama mlango, nasikia. Sijawahi kumwona akipigana hata siku moja."

Sajini alitoka akiwa na hasira ya mtu aliyekuta mlango wa benki umefungwa kwa uzi. Saini ilikuwa ya kweli, na haikuthibitisha chochote. Mpinzani hakutokea, mstari ukabaki mtupu, umeshasainiwa. Mtu yeyote mwenye kalamu na kitabu angeweza kuujaza atakavyo. Na watu waliokuwa na kitabu walikuwa wawili: Katibu miaka miwili, Kocha siku tatu.

Alianza na wa siku tatu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na kwa kuwa maneno ya Dada yalikuwa bado yanamkwaruza.

Kocha alikuwa ndani ya ghala kuukuu lisilo na milango, lililokuwa ndilo jimu lake, anashona gunia la kupigia ngumi kwa sindano ya magunia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga zamani. Hakuacha kushona.

"Umekuja kunikamata au kuruka kamba?"

"Inategemea, mzee. Ulikaa na kitabu cha Bingwa siku tatu. Ulikuwa unakifanyia nini?"

"Nilikuwa nakilinda. Nilikipeleka Kamisheni Jumatatu, ofisi imefungwa, mwenyekiti yuko semina. Jumanne semina. Jumatano wamefungua, wakakipokea kwa ncha za vidole kama samaki aliyeoza."

"Hukuandika kitu?"

"Maneno yananipiga chenga, afande. Shule niliacha darasa la pili. Namba ndizo tunazoelewana."

"Bingwa akisafiri, unabaki na nini?"

Kocha alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Nabaki na hili gunia."

"Kwa hiyo hutaki aende."

"Sitaki. Hata mzazi hataki mwanawe aende mbali. Ndiyo amvunje miguu?" Sasa aliiweka sindano chini. "Nilimtoa huyu sokoni anabeba viroba. Nikamfunga bendeji mikononi kwa mikono yangu hii miaka tisa. Sasa anabeba saruji. Ukiniambia nimemfunga mimi, nipige pingu tu, sitabishana na wewe. Nimechoka kubishana na watu waliovaa saa."

Sajini alitoa kitabu mfukoni. Kisha akafanya lile ambalo hulifanya akikwama: alimpa shahidi kidhibiti akimtazama mikono. "Namba mnaelewana, umesema. Nisomee safu hii ya tatu."

Kidole cha Kocha, kikubwa kama kipande cha mhogo, kilishuka taratibu. "Kumi na moja. Hii ilikuwa ya kwanza, alimpiga yule mwanajeshi. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na moja tena, mvua ilinyesha. Kumi. Kumi na tatu, tuliondoka giza limeingia..." Kikafika chini. Kikasimama. Kocha akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Upuuzi gani?"

"Hii mbili."

"Ina nini?"

"Afande, ngumi za ridhaa zinaanza na wepesi kabisa, vijana kama njiti za kiberiti. Kisha zinapanda, kilo kwa kilo, mpaka jioni. Mzito ndiye wa mwisho. Miaka arobaini sijaona mzito kapanda pambano la pili. Hata paka wa ukumbini anajua, akiona wazito anajua watu wanaondoka, anaanza kutafuta makombo."

Sajini alilifungua daftari lake, akazitazama namba alizonakili asubuhi. Zilikuwa zimemkodolea macho saa nne nzima.

Kocha asingeandika mbili. Mkono wake ungekataa. Daktari naye asingeandika, maana yeye huona mwanzo, na mwanzo ni wa njiti za kiberiti. Aliyeandika mbili ni mtu wa ngumi asiyejua ngumi zinaanzaje.

"Mzee, wakubwa wa Chama huwa wanafika saa ngapi?"

"Wakubwa?" Kocha aliokota sindano. "Wa Chama na wa Kamisheni, wote wanafika na mgeni rasmi. Tunasimamisha ngumi, bondia na jasho lake anasubiri. Wanapigiwa makofi, wanapewa maji ya chupa, sisi tunakunywa ya bomba. Wanatazama mawili ya mwisho, wanapiga picha na kikombe, basi."

"Mawili."

"Mawili. Miaka yote. Wa kwanza wanayemwona ni mzito mdogo. Wa pili ni mzito mwenyewe."

Sajini akaandika: mawili.

"Swali la mwisho. Bingwa asipoenda, anaenda nani?"

"Kwani hujui? Kijana mmoja wa uzito huohuo. Bingwa kamtandika mara mbili. Ni mpwa wa Katibu, mtoto wa dada yake."

Saa nane na nusu Sajini alimkuta Katibu kwenye ukumbi mdogo wa nje ya chumba cha kikao. Alikuwa amekaa kwenye kochi pekee lililokuwapo. Kocha, Bingwa na Dada walikuwa wamesimama ukutani.

"Karibu, kijana wangu," Katibu alisema, ingawa Sajini alimzidi miaka minne au mitano. "Nimesikia unahangaika. Inauma, najua. Lakini sisi tupo kulinda afya za hawa vijana. Kichwa ni kichwa."

"Ndiyo maana nataka maelezo yako, mheshimiwa. Ya shahidi tu. Siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Nieleze tangu mwanzo, niandike."

Katibu alinyoosha miguu. "Tulifika mimi na mgeni rasmi, tukakaa mbele. Pambano la kwanza likapita, la kawaida tu. La pili akapanda Bingwa. Haikufika hata dakika, akaanguka kama gogo. Ukumbi mzima kimya."

Ukutani, Dada alivuta pumzi kutaka kusema. Sajini alimtazama mara moja tu, naye akaacha.

"Una hakika ni la pili? Wasije wakakuchanganya ndani."

"La pili. Hata kitabuni imeandikwa."

"Kabla yake kulikuwa na pambano moja tu."

"Moja. Nimekwisha kusema."

"Na daktari?"

"Alikuwa pembeni ya ulingo. Alimhudumia, akasaini."

Sajini alimsomea maelezo polepole kama anavyosomewa mgonjwa wosia wake, akampa kalamu. Katibu alisaini bila kuvaa miwani. Hawa watu husaini kama wanavyopunga mkono garini.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, Mwenyekiti katikati, wajumbe wawili pembeni, na Daktari aliyeitwa kuja kuthibitisha saini yake. Mwenyekiti alitazama saa.

"Sajini, tuna dakika kumi. Jambo lenyewe liko wazi."

"Dakika tano zinatosha." Sajini aliweka kitabu mezani, akasoma maelezo ya Katibu, neno kwa neno. Kisha akamgeukia Daktari. "Siku ile, pambano la pili, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Huwa natoka baada ya la nne au la tano."

"Alipigana nani?"

"Vijana wadogo. Kilo hamsini na kitu. Mmoja alitoka damu puani, nikamziba."

"Hukumwona mtu mwenye mwili kama mlango akianguka kama gogo?"

"Kaka, angeanguka mbele yangu nisingesahau. Wazito ni wa mwisho. Ndiyo maana nawasainia..." Aliishia hapo, lakini alikuwa amechelewa.

"Mzee," Sajini alimwambia Kocha, "waambie ngumi za ridhaa zinaanza na nani."

"Wepesi. Wazito mwisho."

Mwenyekiti alimtazama mjumbe wa kulia. Mjumbe wa kulia alitazama dari. Mwenyekiti akainama mbele, akauliza kwa sauti ya chini, kwa udadisi wa kweli kabisa:

"Kwani hawaanzi wazito?"

Kocha alifunika uso kwa kiganja. Bingwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, alisema.

"Miaka tisa, mheshimiwa. Nimewasubiri kuanzia asubuhi mpaka jioni, na njaa, miaka tisa. Nilidhani mnachelewa kwa sababu ya kazi. Kumbe hamkujua kwamba tunakuwa tumeanza."

Katibu alisimama. "Kuna kuchanganyikiwa kidogo kwa namba. Mwenyekiti, mimi nina kikao kingine."

"Kaa, bwana Katibu," Sajini alisema. "Kuna maelezo ya uongo yenye saini yako hapa, na kuna mwandiko kwenye mstari wa kumi na saba ambao tutakwenda kuulinganisha mimi na wewe. Leo utakaa tangu mwanzo mpaka mwisho."

Katibu alikaa.

Mwenyekiti alikohoa. "Basi, kwa kuwa kumetokea utata, napendekeza tuahirishe. Kikao kijacho, miezi mitatu..."

"Promota anasubiri jibu leo," Dada alisema.

"Mama, taratibu ni taratibu."

"Taratibu gani?" Dada hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowafanya wote wamgeukie. "Ya kusaini kabla? Ya kuja mwisho? Ya mchwa? Mimi nikikosea mshono, nafumua siku hiyohiyo mteja amesimama. Ninyi mnamfumua mtu, halafu mnamwambia aje baada ya miezi mitatu."

Sajini aliweka mkono juu ya kitabu. "Mwenyekiti, hiki ni kidhibiti changu. Ukiahirisha nitaondoka nacho, na kesho nitaanza kuuliza nani alikipokea hapa bila kukisoma. Nilitaka kufunga faili hili leo. Nisaidie kulifunga."

Mwenyekiti aliitazama saa yake tena, safari hii bila kuisoma. Akavuta kitabu, akapiga mstari mwekundu juu ya mstari wa kumi na saba, akaandika pembeni: batili. Akakisukuma kwa Daktari. "Athibitishe daktari. Kisha atie saini kwamba bondia ni mzima, tutoe leseni tumalizane."

Daktari alitoa kalamu. Akasaini penye neno batili, akagonga muhuri. Na mkono wake, uliozoea, ukateremka wenyewe kwenye mstari wa chini, wa kumi na nane, mtupu, ukaanza kuchora ile herufi yake ya kwanza.

Kiganja cha Bingwa kilishuka juu ya ukurasa. Hakikushuka kwa nguvu. Kilifunika mstari, na muhuri, na mkono wa Daktari pamoja na kalamu yake.

"Hapana, daktari," alisema. "Nipime kwanza."

Akavua shati, akamkabidhi dada yake, akasimama katikati ya chumba. Daktari alipapasa mifuko ya koti lake, wa kushoto, wa kulia, kisha wa ndani. Alikuwa amekuja na kalamu na muhuri tu.

"Tutasubiri," Sajini alisema, akavuta kiti.